Mwanao anaongeza nguvu ya skuta uani? Muulize haya kabla hajaiwasha

Pikipiki ndiyo miguu ya familia nyingi katika Kata ya Soitsambu, wilayani Ngorongoro. Hupeleka maziwa, hupeleka mgonjwa Hospitali ya Wasso, hurudi na mfuko wa unga. Nyingi ni zile za bodaboda zenye injini ya mapigo manne, ambayo oili hukaa chini kwenye injini na petroli hukaa kwenye tangi, kila kimoja mahali pake.

Lakini kijana mwenye hamu ya ufundi mara nyingi haanzi na hiyo. Hiyo ni ya kazi, na baba hataki iguswe. Anaanza na chombo kilichochoka: Vespa iliyotoka pwani, au Yamaha kuukuu iliyokuwa ya ofisi fulani kabla ya kupigwa mnada. Humo ndani kuna injini ndogo ya mapigo mawili, ambayo mafundi huiita tustroki. Ni nyepesi, haina vali za kupima, na kijana mwenye spana chache anaweza kuishusha silinda yake mchana mmoja chini ya mti. Jioni anataka iende kasi zaidi.

Hapo mzazi hubaki mlangoni asijue aseme nini. Kumfukuza na spana zake ni rahisi, na kumwachia afanye atakavyo nako ni rahisi. Katikati yapo maswali machache ambayo hata asiyewahi kushika bisibisi anaweza kuyauliza, na majibu yatamwonyesha kama mtoto anajua anachofanya.

Kabureta imepimwa kwa hewa ya wapi?

Hili ndilo swali kubwa kwa mtu wa Soitsambu, na ndilo ambalo vijana wengi wanaojifunza kwa kutazama video za watu wa mbali hawalifikirii.

Nyanda za Loliondo ziko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko hewa ya Tanga au Unguja. Injini hula hewa na petroli kwa uwiano. Kabureta haijui kwamba imepandishwa mlimani, kwa hiyo inaendelea kumimina petroli kama ilivyozoea pwani. Matokeo yake injini inakohoa, inatoa moshi mwingi, plagi inakuwa nyeusi yenye unyevu, na kilima kidogo kinaishinda. Kijana anasema silinda ni ndogo, inafaa kuwekwa kubwa. Silinda haina kosa lolote.

Dawa yake ni jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu ambalo petroli hupitia. Anabadilisha kwa namba ndogo, hatua moja moja, huku akifungua plagi kila baada ya mwendo kidogo na kuitazama. Ikiwa rangi yake ni ya kahawia, kama chai ya maziwa iliyokolea majani, mambo ni mazuri. Nyeusi na mbichi, petroli bado ni nyingi. Nyeupe, asimame hapo hapo, maana petroli ni kidogo mno na pistoni inaungua.

Hata hivyo, asitarajie kupata nguvu yote ya pwani. Hewa ambayo haipo haiwezi kuchomwa.

Hatari yenyewe huja siku anapotaka kwenda mbali. Barabara kutoka Wasso kupitia Sale hushuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Ngaresero, karibu na Ziwa Natron, ambalo liko kwenye mita 600 hivi. Ni mshuko wa zaidi ya kilomita moja kwenda chini, kutoka baridi ya nyanda za juu hadi joto linalochoma. Huko hewa ni nzito zaidi, na ile jeti iliyopunguzwa nyumbani sasa inatoa petroli pungufu. Katika injini ya mapigo mawili, petroli ndiyo inayobeba oili na ndiyo inayosaidia kuipoza pistoni. Ikipungua, oili nayo inapungua.

Mteremko wenyewe unaongeza tatizo. Kijana anafunga resi na kuiacha gia ishike mwendo, kama afanyavyo kwenye Boxer ya baba. Kwenye tustroki inayochanganyiwa oili tangini, kufunga resi ni kufunga oili, na injini inazunguka kwa kasi ikiwa karibu kavu. Pistoni inatanuka, inanasa kwenye silinda, tairi la nyuma linajifunga. Mafundi husema injini imenoki. Aliye juu yake ana sekunde moja hivi ya kukamata klachi kabla ya kwenda chini.

Kwa hiyo anayeshuka Ngaresero au Mto wa Mbu arudishe jeti kubwa kabla ya kuondoka, na kwenye mteremko mrefu avute klachi na kupiga resi kidogo kila baada ya muda ili injini ipate kulainika. Vidole viwili vikae juu ya klachi safari nzima. Kama hajui kwa nini, bado hajawa tayari kwa safari hiyo.

Oili anaipimaje?

Jibu la "nakadiria kwa jicho" halitoshi. Vespa za mapigo mawili za miaka ya karibuni, kama PX, huhitaji oili asilimia 2, yaani mililita 20 kwa lita moja ya petroli. Zile za zamani sana zilihitaji asilimia 5 au zaidi. Kwa dumu la lita 5 lenye asilimia 2, ni mililita 100 tu.

Nyumba ya mfugaji haikosi kipimo chake. Bomba la sindano la mililita 20, lile la kuchomea ng'ombe, likijaa mara moja linatosha lita moja. Awekewe lake jipya, liandikwe kwa wino usiofutika, na lisirudi tena kwenye dawa za mifugo hata likioshwa.

Oili yenyewe iwe ya tustroki. Ile ya msumeno wa injini ni ya ukoo huo huo na inaweza kumvusha. Oili ya injini ya gari haikutengenezwa ili iungue, huacha majivu na masizi, na oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari la mtu ni sumu kwa injini hii. Yamaha nyingi za mapigo mawili zina tangi dogo la oili na pampu yake. Kijana akiing'oa hiyo pampu ili "kupunguza mambo", basi kuanzia siku hiyo kila tone la petroli linaloingia tangini lazima lichanganywe kwanza. Anayeazima skuta naye aambiwe.

Nguvu iliyopotea ilipotelea wapi?

Skuta kuukuu nyingi hazihitaji kuongezewa chochote. Zinahitaji kurudishiwa kilichokuwa chao. Kwa kuwa injini hii huchoma oili, masizi hujijenga kwenye tundu la kutolea moshi na ndani ya ekzosi mpaka njia inabaki nyembamba. Kuyakwangua kwa kijiti cha mbao au kipande cha alumini, pistoni ikiwa imefunika tundu ili uchafu usidondoke ndani, ni kazi ya mchana mmoja na gharama yake ni gasketi. Tofauti yake huonekana kilima cha kwanza.

Klina ya hewa nayo. Vumbi la kiangazi la Loliondo halina mchezo, na katika injini hii hewa hupita kwanza kwenye krenki na beringi zake kabla ya kupanda kwenye silinda. Kijana anayeitoa klina ili injini "ipumue" anaipa mchanga ule kila kitu. Sponji ioshwe kwa sabuni, ikaushwe, ipakwe oili kidogo, irudishwe.

Kisha kuna sili za krenki. Zikichoka, hewa huingia kwa mlango wa nyuma bila kupita kwenye kabureta. Dalili yake ni injini kupanda resi yenyewe na kuchelewa kushuka. Hakuna jeti inayoponya hilo, na anayefunga silinda kubwa juu ya sili mbovu amenunua pistoni ya kuunguza.

Vitu ambavyo kijana huvitamani

Cha kwanza ni ekzosi, kwa sababu inasikika. Imani ya vijana ni kwamba ukikata kizuia sauti umeongeza nguvu. Kwa tustroki ni kinyume. Tumbo la ile ekzosi hurudisha wimbi la mgandamizo linaloisukuma petroli mbichi irudi ndani ya silinda kabla haijatoroka. Mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki, aliliendeleza jambo hilo katika miaka ya 1950 hadi injini ndogo zikaanza kutisha kubwa. Mwaka 1961 dereva wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden, akaingia Suzuki na ujuzi huo, na mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita za ujazo 50. Watu walikimbia nchi zao kwa siri ya umbo la bomba, na kuna mtu hapa anataka kulikata kwa msumeno. Atapata kelele tu, na ndama wa jirani watakata kamba.

Cha pili ni kuchonga matundu ya silinda yapande juu. Ni kweli hilo huongeza nguvu, lakini nguvu hiyo huja injini ikiwa inazunguka kwa kasi kubwa tu, na ile ya chini, ya kuondoka na mzigo na kupanda mlima, hupungua. Ni ufundi wa uwanja wa mashindano. Na silinda iliyochongwa vibaya hairudi ilivyokuwa.

Kwa barabara za huku, sproketi ya nyuma yenye meno mengi kidogo kuliko ile ya awali inamfaa kuliko yote hayo. Mwendo wa juu unapungua kidogo, mlima unapandika. Kwa skuta ya mkanda isiyo na gia, rola nyepesi hufanya kazi inayokaribiana na hiyo. Vyote viwili vinaweza kurudishwa vilivyokuwa bila hasara, na hiyo ndiyo sababu ya kuanzia hapo.

Kama silinda imekwisha kweli, inapelekwa mjini Arusha kuchongwa kwa mashine na kuwekewa pistoni kubwa zaidi kwa robo au nusu milimita. Hiyo si kazi ya msasa na subira. Ikirudi, iendeshwe kwa upole kilomita 500 za mwanzo, bila kubeba watu wawili.

Itasimamaje?

Swali hili liulizwe kabla ya pesa yoyote kutoka. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 70 kwa saa, umbali ambao chombo hutumia kusimama baada ya breki kushika unakaribia kuwa maradufu. Breki za skuta za zamani ni za ngoma, nyingine kipenyo chake ni kama sahani ya chai. Zifunguliwe kwanza, pedi zitazamwe, nyaya zibadilishwe, tairi lenye mipasuko litupwe.

Taa pia. Kwenye skuta nyingi za zamani taa hutegemea mzunguko wa injini, kwa hiyo ukipunguza mwendo gizani mwanga nao unafifia, wakati ule ule unapouhitaji. Katika wilaya ambako pundamilia na fisi huvuka barabara usiku, baba ana haki ya kusema skuta hii haitembei baada ya jua kuzama, na asibishaniwe. Kofia ngumu na leseni ya daraja A hazina mjadala.

Kadi ya usajili ya TRA huandika namba ya injini na ukubwa wake. Ukubwa ukibadilishwa uani kimya kimya, kadi haisemi tena kweli, na siku ya ajali bima ina swali la kuuliza.

Petroli isilale na watoto

Ipo hatari nyingine isiyo ya barabarani. Petroli iliyochanganywa oili ina rangi, na kwenye chupa ya soda inafanana sana na kinywaji. Ikae kwenye dumu lake, lililoandikwa, nje ya nyumba, mbali na jiko la kuni. Mtoto akinywa, asilazimishwe kutapika, kwa sababu petroli huingia kwenye mapafu wakati wa kutapika. Apelekwe hospitali mara moja, na dumu waende nalo. Injini nayo isiwashwe ndani ya chumba hata kama mvua inanyesha, kwa kuwa moshi wake una gesi inayoua bila harufu.

Baada ya hayo yote, mzazi anaweza kugundua kwamba mtoto wake ana majibu. Huyo apewe daftari. Aandike namba ya jeti, rangi ya plagi, kiasi cha oili, kilomita na mahali. Vyuo vya VETA hufundisha umakanika, na vina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia mitaani, akapata cheti. Daftari lenye mafuta vidole vitano juu ya jalada halitampa cheti hicho, lakini litamsaidia kueleza mbele ya mwalimu kwa nini skuta ya Soitsambu ilikuwa na jeti mbili, moja kwenye kabureta na nyingine mfukoni.