Arobaini za Ninawi

Tukisema siku za mwizi ni arobaini, tunamtabiria mwisho wake: ataiba wee, lakini arobaini itamfika. Nabii Yona naye alihesabu vivyo hivyo. Aliingia Ninawi, mji mkubwa wa Waashuri ambao magofu yake yako Mosul, Iraki, akatangaza kwamba zimebaki siku arobaini mji upinduliwe. Kwa Kiebrania tangazo hilo ni maneno 5 tu. Hakuna “mkitubu”, hakuna “labda”.

Mbona basi mji haukuangamia? Wengi hujibu kwamba huruma iliishinda hukumu, kana kwamba hizo mbili ni mahasimu. Fikra hiyo ni ya kale. Marcion, aliyetengwa na kanisa la Roma yapata mwaka 144, aliifikisha mbali zaidi: alifundisha kwamba Mungu wa Agano la Kale, hakimu mkali, ni mwingine, na Baba wa Yesu ni mwingine. Kitabu cha Yona, chenye aya 48, hakimwachii nafasi. Humo anayehukumu ndiye anayesamehe.

Tazama zile siku zenyewe. Aliyeazimia kukubomolea nyumba usiku wa manane hakuletei notisi. Ukiona notisi, ujue bado una muda. Yeremia 18 inaliweka jambo hili kama kanuni: taifa likitangaziwa maangamizi kisha likaacha ubaya wake, Mungu naye huyaacha mabaya aliyokusudia. Onyo la nabii, hata likiwa kali, tayari ni rehema.

Kitenzi alichotumia Yona, hafak, ndicho kinachosimulia Sodoma ilivyopinduliwa katika Mwanzo 19. Lakini kitenzi hicho hicho, katika 1 Samweli 10, kinaeleza Mungu alivyougeuza moyo wa Sauli. Ninawi nayo iligeuka. Mfalme alishuka kitini, akavua joho, akavaa gunia na kuketi majivuni. Akaamuru hata ng'ombe na kondoo wasile wala kunywa, nao wavikwe magunia. Mji ulipinduka kweli, ila kwa ndani.

Yona alichukia. Hasira yake ina hoja, kwani Waashuri walikuwa wakatili waliojulikana kote. Anamlaumu Mungu kwa kumsomea sifa zake mwenyewe kutoka Kutoka 34: mwenye neema, mwenye rehema, si mwepesi wa hasira. Lakini anaishia njiani. Kule Kutoka, maneno hayo yanaendelea kusema kwamba mwenye hatia hahesabiwi hivi hivi kuwa hana hatia. Hukumu na rehema zimo katika tamko moja. Anayezitenganisha ni Yona.

Neno letu “rehema” lilitujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule wa rahum, neno la Kiebrania alilolitamka Yona. Ndugu yake ni rehem, tumbo la uzazi. Mama anayajua makosa ya mwanawe kuliko jirani yeyote, wala hayaiti mema. Lakini mtoto ni wake.

Tena, rehema hiyo si hati miliki. Kitabu cha Nahumu, ambacho nacho kimo katika Biblia, kinaitangazia Ninawi maangamizi, na mwaka 612 KK mji ulianguka mikononi mwa Wababeli na Wamedi. Toba ya kizazi kimoja haikuwa kinga kwa wajukuu.

Ila siku za Yona hayo yalikuwa bado mbele. Alikaa mashariki ya mji chini ya kibanda, akivizia aone utakavyokuwa. Mmea uliomtilia kivuli ukanyauka, akauhurumia. Ndipo Mungu akamuuliza: je, watu zaidi ya 120,000 wasiojua mkono wa kulia na wa kushoto, na mifugo tele, wasihurumiwe? Kitabu kinaishia kwenye swali hilo. Ninawi imesalimika, aliye nje juani, na kesi ya kujibu, ni nabii.