Leseni ya kutafuta makaa ya mawe si leseni ya kuyauza

MFANYABIASHARA wa Tanga anayeonyeshwa leseni na kuombwa achangie fedha za kuchoronga mashimo ya makaa ya mawe hana budi kuuliza jambo moja kabla ya kufungua mfuko: hiyo ni leseni ya utafutaji au ya uchimbaji? Asiyeuliza huenda akanunua shimo tupu.

Tamaa ya biashara hii ina sababu. Viwanda vya saruji huchoma makaa ya mawe, na mwaka 2016 Serikali ilipozuia uagizaji kutoka nje, wanunuzi waligeukia migodi ya kusini. Bandari ya Tanga nayo imechimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi mita 13. Aidha, miamba ya Karoo, jamii ya ile yenye makaa huko Ngaka na Mchuchuma, inapatikana pia nyuma ya mji wa Tanga na kuendelea hadi Taru, upande wa Kenya. Hata hivyo, miamba ya umri mmoja si ushahidi kwamba kuna tabaka nene la makaa linaloweza kulipa gharama. Ndiyo maana watu hutafuta kwanza.

Masharti ya leseni

Kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, leseni ya utafutaji hutolewa kwa kipindi kisichozidi miaka minne. Mwenye leseni hutakiwa kuanza kazi ndani ya miezi mitatu, isipokuwa ameongezewa muda, kutumia kiasi cha fedha kilichowekwa, kutoa taarifa na kufukia mashimo yake. Inapohuishwa kwa mara ya kwanza, nusu ya eneo hurudishwa serikalini. Kwa hiyo anayenunua hisa leo kwa kutazama ukubwa wa kitalu anaweza kukuta kesho kimebaki nusu.

Jambo linalowapoteza wengi ni hili: mtafutaji huruhusiwa kuondoa sampuli kwa ajili ya kupimwa, si shehena ya kuuza. Kuuza kunahitaji leseni ya uchimbaji, ambayo nayo hudai cheti cha mazingira. Kwa leseni za uchimbaji wa kati na mkubwa, marekebisho ya mwaka 2017 yanaipa Serikali hisa za bure zisizopungua asilimia 16. Hesabu ya faida isiyotoa fungu hilo ni pungufu.

Ardhi na maji

Leseni haimwondoi mwenye shamba. Ndani ya mita 200 za nyumba, au mita 50 za shamba lililolimwa, ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali inahitajika. Kwenye makaburi na mahali patakatifu hutakiwa kibali cha waziri anayehusika. Maji ya kuchoronga yakichotwa mto Zigi, kibali chake hutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

Wanaodhani muhuri ukishapigwa mambo yamekwisha watazame Lamu. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipata leseni ya mazingira mwaka 2016. Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira la Kenya liliifuta, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Leseni ilikuwepo, kilichokosekana ni sharti lake.

La kufanya

Mwenye nia ya kuwekeza aanzie kwa Ofisa Madini Mkazi. Athibitishe namba ya leseni, jina la mwenye leseni, tarehe ya mwisho, mipaka na ada zilizolipwa. Aombe kuona taarifa za uchorongaji na ridhaa za wanakijiji. Kama anauziwa leseni yenyewe, akumbuke kwamba uhamisho unahitaji idhini ya mamlaka na kuandikishwa. Mkataba wa mezani pekee hautoshi.

Muuzaji asiyetaka karatasi zake zikaguliwe amekwisha kujibu swali. Mali bila daftari hupotea bila habari.