Paka au mimi?

Mwenzangu, mume wangu alinipa chaguo hilo waziwazi. Na paka mwenyewe wala si wetu! Ni wa mitaani hapa Mji Mkongwe, alizoea kuingia kwa dirisha la jikoni nikikaanga samaki. Akishiba ananisugulia shavu mguuni. Nikadhani mapenzi, kumbe ananipaka harufu yake, kanitia alama.

Nilipopata ujauzito mama mkwe akataka afukuzwe. Kliniki wakasema vimelea vya toksoplazma hutoka kwenye kinyesi chake, na huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo mchanga wake uzolewe kila siku, ila si na mimi.

Anazoa nani? Yule yule wa "paka au mimi", na glavu mkononi. Juzi nimemsikia anamwita "mwanangu".