ELIMU KWA MADEREVA NI KINGA YA MAISHA KATIKA BARABARA ZA ILEJE

Kukamilika kwa barabara ya lami kutoka Mpemba hadi Isongole, yenye urefu wa kilomita 50.3, kumeifungua Wilaya ya Ileje. Safari ya kutoka Itumba kwenda Tunduma, ambayo wakati wa masika ilitegemea huruma ya tope, sasa ni ya uhakika. Mgonjwa wa rufaa huwahi hospitali, kahawa hufika sokoni kwa wakati, na mfanyabiashara anayevuka mpaka kwenda Malawi hurejea nyumbani siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, lami huongeza mwendo, na mwendo usioendana na ujuzi wa dereva hugharimu maisha. Dereva aliyezoea barabara ya vumbi, ambako mashimo yenyewe humlazimisha kupunguza kasi, hukuta barabara iliyonyooka isiyomzuia kwa lolote. Kinachobaki kumzuia ni elimu aliyonayo.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani kote, nazo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaofariki ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Hao ndio watumiaji wakuu wa barabara za vijijini, zikiwemo za Ileje.

Mwendo na umbali wa kusimama

Dereva aonapo mtoto akikatiza barabara, gari halisimami papo hapo. Kwanza hupita takribani sekunde moja kabla mguu haujakanyaga breki, na katika sekunde hiyo gari linaendelea kwenda. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari husogea mita 14 kabla breki hazijaanza kushika, kisha huhitaji mita nyingine zipatazo 14 hadi lisimame kwenye lami kavu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, jumla ya umbali huo hufikia karibu mita 60. Mwendo umeongezeka kwa kilomita 30 tu, lakini umbali wa kusimama umezidi mara mbili. Barabara ikiwa na maji, au matairi yakiwa yamekwisha kashata, umbali huo huongezeka zaidi.

Hii ndiyo sababu sheria inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa saa kwa mabasi na malori makubwa nje ya maeneo hayo. Kibao cha 50 kilichowekwa karibu na shule kinamhakikishia mzazi kwamba dereva anayekiheshimu ana nafasi ya kusimama.

Kuteremka milima

Ileje ni wilaya ya milima, mabonde na ukungu. Malori ya makaa ya mawe kutoka eneo la Kiwira na Kabulo, pamoja na magari ya mizigo ya mpakani, hupanda na kuteremka miinuko mirefu. Wasafiri wa barabara kuu ya TANZAM wanaufahamu Mlima Senjele wilayani Mbozi na historia yake ya ajali. Mara nyingi maelezo ya ajali za mteremkoni huwa yale yale: breki zilifeli.

Breki nyingi hazifeli bila sababu. Dereva anapoteremka na mzigo huku akikanyaga breki mfululizo, breki hupata joto kali na kupoteza uwezo wa kushika. Hali huwa mbaya zaidi anapoweka gia huru kwa nia ya kubana mafuta, kwa kuwa injini haisaidii tena kulizuia gari. Dereva aliyefundishwa hukagua breki na upepo wake kabla ya safari, huingiza gia nzito kabla ya kuanza kuteremka, na huiacha injini ishike uzito wa gari, huku breki akizitumia kwa vipindi vifupi. Maarifa haya hayapatikani kwa kukaa kiti cha utingo na kutazama. Hufundishwa na kupimwa.

Bodaboda na mafunzo ya siku moja

Usafiri wa pikipiki umewapatia vijana wengi kipato na umefika vijiji ambavyo magari hayafiki. Tatizo ni namna baadhi yao wanavyoingia katika kazi hiyo. Kijana hufundishwa na rafiki jioni moja namna ya kuingiza gia na kuachia klachi, na kesho yake hubeba abiria. Anajua kuiendesha pikipiki, lakini hajui maana ya alama za barabarani, hajui nani apite kwanza kwenye makutano, wala hajui namna ya kufunga breki mbili kwa uwiano kwenye kona yenye kokoto. Wapo pia wanaobeba mishikaki, wakisahau kwamba pikipiki yenye abiria wawili au watatu haifungi breki wala haikati kona kama ilivyotengenezwa.

Kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kifo kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa takribani asilimia 40. Sheria inamtaka dereva na abiria wote wawili waivae, na ni vyema mkanda wake ufungwe kidevuni. Kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani haimkingi yeyote.

Njia halali ya kupata leseni

Mwombaji huanza kwa kusoma katika chuo cha udereva kinachotambulika na kupata leseni ya mwanafunzi, yaani daraja H, inayomruhusu kujifunza barabarani akiwa chini ya mwalimu. Baada ya mafunzo hupimwa na Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi. Akifaulu, hukamilisha taratibu za leseni Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Leseni hutolewa kwa madaraja: mwenye leseni ya gari dogo binafsi hana ruhusa ya kuendesha basi la abiria, wala mwenye leseni ya pikipiki hana ruhusa ya kuendesha lori.

Wamiliki wa vyombo nao wanahusika. Kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, kumkabidhi chombo mtu asiye na leseni ni kosa, hata kama ni deiwaka wa siku moja. Vikundi vya vijana vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya Halmashauri kwa ajili ya kununua pikipiki vinashauriwa kuingiza gharama za mafunzo na leseni katika andiko la mradi tangu mwanzo. Pikipiki iliyopata ajali mwezi wa pili haiwezi kurejesha mkopo, na familia iliyouza shamba kumtibu kijana wake aliyevunjika mguu huchukua miaka kuinuka.

Wajibu wa abiria na mzazi

Abiria ana haki ya kumwambia dereva apunguze mwendo, ya kukataa kupanda chombo kilichozidisha watu, na ya kutoa taarifa polisi kwa namba 112. Mzazi naye amfundishe mtoto kutembea upande wa kulia, akiyatazama magari yanayomjia, na kuvuka mahali panapoonekana vizuri pande zote.

Wakazi wa Ileje waliisubiri barabara ya lami kwa miaka mingi. Sasa imefika, na kila anayeshika usukani ana wajibu wa kujifunza kuitumia ili wote wanaosafiri wafike salama.