Tuchunge istilahi za nyuklia zisije zikaficha hatari

WIKI jana nilikuwa Msambweni, Kaunti ya Kwale, kwa mwaliko wa mwalimu niliyemfundisha chuoni miaka mingi iliyopita. Wanafunzi wake wanaandaa maonyesho ya mtindo wa makumbusho kuhusu vita na nyuklia. Picha kuu ni ya Chernobyl, Ukraine. "Mwalimu," akaniambia, "picha tunazo. Maneno ya kibao ndiyo yanatushinda."

Kisa chenyewe ni hiki. Kinu nambari 4 cha Chernobyl kililipuka Aprili 26, 1986. Mwaka 2016 kilifunikwa kwa kuba kubwa la chuma lililokusudiwa kudumu miaka 100. Usiku wa Februari 14, 2025, droni yenye kilipuzi ikalitoboa. Ukraine iliilaumu Urusi, Urusi ikakana.

Tuanze na droni. Tanzania huitwa pia ndege nyuki. Jina hilo lina mantiki, kwani neno la Kiingereza nalo lina maana ya nyuki dume. Ila nyuki dume hana mwiba! Kwa mkazi wa Diani aliyezoea kuiona ikipiga picha za harusi ufuoni, ndege nyuki ni chombo cha raha. Kibao sharti kiseme "droni ya kivita".

Pili, mnururisho. Istilahi hii imeundwa kutokana na nuru. Lakini nuru kwetu Pwani ni sifa njema. Hata uso wa bibi harusi husifiwa kwa nuru yake. Mionzi nayo hutukumbusha jua. Sisemi tuyatupe maneno haya. Nasema yaandamane na maelezo: haionekani, hainuki, na ikizidi hudhuru mwili.

Tatu, wanafunzi waliandika: "Shambulio halikuleta madhara." Hapo nikawasimamisha. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilisema viwango vya mionzi havikupanda. Sawa. Lakini Desemba 2025 shirika hilohilo lilisema kuba limepoteza uwezo wake wa kuzuia mionzi isivuje. Mionzi kutopanda ni jambo moja. Kutokuwepo kwa madhara ni jambo jingine kabisa. Paa likitoboka kiangazi, nyumba hailoi, lakini nani atasema paa ni zima?

Kuna atakayedai eti hayo ni ya Ulaya. La hasha! Kilima cha Mrima, papo hapo Kwale, kina thoriamu itoayo mionzi ya asili. Kule Uyombo, Kilifi, wakazi walipinga mpango wa kinu cha nyuklia mwaka 2024. Mzee wa kijiji akiitwa barazani kukubali au kukataa mradi kama huo, ataulizwa kwa maneno haya haya. Asipoyaelewa, ridhaa yake ni ridhaa gani?

Basi kibao kikaandikwa upya: "Droni ya kivita ilitoboa kuba linalozuia mionzi. Mionzi haikupanda. Kinga imeharibika." Sentensi tatu, na hakuna lililofichwa.