Kitenzi "Kuhariri" katika Istilahi za Jeni

Kitenzi "kuhariri", kilichozoeleka katika kazi ya miswada, sasa chatumika kwa jeni pia. Katika tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza mwezi wa Novemba 2023, neno hilo halina ubaya: hurekebishwa seli za mgonjwa mwenyewe zitengenezazo damu, na mabadiliko hayo hayarithiwi na wanawe. (Bei yake huko Marekani, dola milioni 2.2, ni mjadala mwingine.) Lakini mwaka 2018, nchini China, mwanasayansi He Jiankui alitangaza kuzaliwa kwa mapacha ambao jeni zao alizihariri wangali viinitete. Hapo neno lapotosha. Mhariri akikosea, mswada wa awali bado upo. Mabadiliko ya kiinitete huweza kuwafikia wajukuu. Tendo hili la pili lastahili istilahi yake, kama vile "kugeuza urithi", wala lisifichwe chini ya kidahizo kile kile.