Chuma, Peroksaidi na Rangi za Viwanda vya Nguo

Maji taka yatokayo katika mapipa ya kutilia nguo rangi huyashinda mabwawa ya kawaida ya kusafishia maji, kwa sababu rangi nyingi za viwandani, hasa za jamii ya azo, ambazo sehemu za molekuli zake huunganishwa na atomi mbili za nitrojeni, zimetengenezwa makusudi zisichujuke kwa jua, sabuni wala jasho, na uimara huohuo ndio unaowashinda bakteria. Hapo ndipo unapohitajika uoksidishaji wa kikemikali, yaani kuzinyang'anya molekuli za uchafu elektroni zake mpaka zivunjike.

Njia iliyo nyepesi kwa vifaa hutokana na kazi ya mkemia Mwingereza H. J. H. Fenton, aliyeeleza mwaka 1894 jinsi chumvi ya chuma inavyoipa nguvu hidrojeni peroksaidi, dawa ileile ambayo ikizimuliwa hutoa povu juu ya kidonda. Chuma huivunja peroksaidi, na katika kuvunjika huko huzaliwa radikali ya haidroksili, kipande cha oksijeni moja na hidrojeni moja chenye elektroni isiyo na mwenzake, ambacho hakidumu hata sekunde moja lakini hushambulia karibu kila molekuli ya kikaboni iliyo jirani nacho.

Kutobagua huko ndiko faida yake na ndiko hasara yake, kwani radikali hizo hupotelea pia kwenye kloridi iliyomo majini, na hata kwenye peroksaidi yenyewe ikimiminwa kupita kiasi, hivyo mwendeshaji anayedhani kuwa kuzidisha dawa ni kuzidisha usafi huiharibu kazi yake kwa mkono wake. Maji hutiwa asidi kwanza hadi pH ikaribie 3, la sivyo chuma hujitenga mapema. Mwishoni hutiwa chokaa, na chini hubaki tope la rangi ya kutu linalodai gharama yake ya kukaushwa na kutupwa.

Maji mekundu kama juisi ya choya huweza kuwa meupe kwa dakika chache, na hapo wengi hudanganyika. Kinachokatika mwanzoni ni kile kiungo cha nitrojeni kibebacho rangi, ilhali vipande vyenye pete ya benzini, ambavyo baadhi huweza kuwa na sumu, bado vimo, na asidi ndogo kama ya oksaliki huikaidi njia hii hadi mwisho, ingawa bakteria huzimudu asidi hizo. Kinachopaswa kupimwa ni jumla ya kaboni ya kikaboni, kwa kuwa kile kipimo kilichozoeleka cha mahitaji ya oksijeni ya kikemikali huihesabu peroksaidi iliyobaki kana kwamba nayo ni uchafu.